Aloi yako mpya ya stenlesi ni dhahiri au la? Jinsi ya kuipima kabla mkaguzi wa hataza hajaipima

Naanza na jedwali, maana kila mwenye aloi mpya anakuja na jedwali. Kromi kiasi hiki, nikeli kiasi hiki, manganizi, naitrojeni kidogo, na chini yake swali moja: nimetafuta kila mahali hakuna mwenye asilimia hizi hizi, si hataza napata? Jibu ni kwamba hapo umevuka kizingiti cha kwanza tu, kile cha upya. Cha pili ndo kinachoangusha maombi mengi ya aloi, nacho ni udhahiri. Yaani, fundi wa kawaida wa metali aliyesoma kila kilichochapishwa, angefika ulipofika wewe bila kushangaa?

Shika hilo neno kushangaa. Aloi haishindi kwa sababu namba zake hazipo kwingine, inashinda kwa sababu inafanya kitu ambacho wenye fani hawakukitarajia kutoka kwenye namba hizo, na una vipimo vya kuonyesha. Kama leo huna vipimo hivyo, bora ujue sasa ukiwa bado una tanuru na pesa, kuliko kujua baada ya miaka miwili ya kuandikiana barua na mkaguzi.

Nitaifuata sheria ya Marekani kwa sababu kesi za aloi zimejaa huko na hukumu zake zinasomeka bure. Ulaya nitaigusa mwishoni, na nyumbani, Kenya na Tanzania, pia kidogo.

Sheria inauliza nini

Kifungu ni cha 103, kilichoingia na sheria ya hataza ya mwaka 1952. Kwa maneno ya kawaida kinasema hata kama kitu chako hakijawahi kuandikwa popote, hupati hataza ikiwa tofauti yake na vilivyopo ni ya namna ambayo kitu hicho, kwa ujumla wake, kingekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hiyo kabla ya tarehe uliyopeleka ombi. Kwa ujumla wake, kwa hiyo mkaguzi hatakiwi kuokota kromi huku na naitrojeni kule akasema basi, lazima aeleze kwa nini mtu angeviunganisha. Ujuzi wa kawaida, kwa hiyo mtu wa kufikiria ni injinia wa metali anayejua kazi yake, anayejua nikeli inaleta austenaiti (muundo wa fuwele wa stenlesi ya kawaida isiyoshika sumaku) na molibdeni inasaidia kwenye chumvi, siyo profesa aliyebobea kuliko wote. Na tarehe.

Hiyo tarehe watu wanaipita haraka, na hakuna mfano mzuri kuliko stenlesi yenyewe. Mwaka 1892 Robert Hadfield, Mwingereza, alipima vyuma vya kromi ndani ya asidi ya salfa ya 50% akahitimisha kwamba kromi inakifanya chuma kiliwe zaidi. Kipimo hicho hakikufaa kwa swali lile, lakini hitimisho likakaa vitabuni. Sasa fikiria mtu anakuja mwaka 1895 na chuma cha kromi 13% anasema hiki hakishiki kutu. Huyo anaenda kinyume na fani nzima, aloi yake haiwezi kuitwa dhahiri. Halafu mwaka 1911 Philipp Monnartz wa Ujerumani akachapisha kazi inayoonyesha kwamba kromi ikifika karibu 12% chuma kinaanza kujikinga chenyewe. Mtu yule yule, chuma kile kile, akija baada ya hapo, fundi wa kawaida keshasoma Monnartz na kesi yake imekuwa ngumu zaidi. Ndo maana unaposoma hataza ya zamani usiihukumu kwa unayoyajua leo, na mkaguzi naye haruhusiwi kuihukumu yako kwa aliyoyasoma ndani ya ombi lako mwenyewe.

Harry Brearley pale Sheffield mwaka 1913 aliyeyusha chuma cha kromi 12.8% na kaboni 0.24% akiwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka, ndipo akaona asidi ya maabara haikiumi kama inavyouma vingine. Hataza yake ya Marekani ilitoka 1916, na aliielekeza kwenye visu na vyombo vya mezani. Nalitaja hili kwa sababu kifungu cha 103 kinamalizia kwa kusema namna uvumbuzi ulivyopatikana haiondoi hataza. Umeupata kwa bahati, kwa kuharibu joto la tanuru, kwa majaribio 400 ya kuchosha, vyote sawa. Wanaangalia kilichopatikana.

Kesi ya kuijua kwanza ni ya Graham na John Deere, Mahakama Kuu ya Marekani, 1966, ya plau la kulimia. Ndiyo iliyoweka maswali ambayo mpaka leo kila mkaguzi anayafuata: vilivyotangulia vinafundisha nini, tofauti ni ipi, ujuzi wa kawaida wa fani uko kiwango gani, halafu ushahidi wa pembeni, kama vile watu walikuwa wanahangaika na tatizo hilo muda mrefu wakashindwa, au soko limeipokea bidhaa kwa sababu ya uvumbuzi wenyewe. Mwaka 2007 ikaja ya KSR, ya pedali ya gari, ikamwongezea mkaguzi nguvu, maana mahakama ilisema fundi wa kawaida naye ana akili ya ubunifu wa kawaida, na kama kuna tatizo linalojulikana na njia chache za kulitatua zinazojulikana na matokeo yake yanatabirika, kujaribu mojawapo kunaweza kuwa dhahiri. Kwenye metali hilo linauma, kwa sababu fani yetu imejaa njia zinazotabirika. Ongeza titani au niobiamu kuzuia kromi isiliwe na kaboni karibu na weldi, shusha kaboni chini ya 0.03%, weka manganizi na naitrojeni badala ya nikeli ya bei kali. Yote hayo yapo vitabuni, hakuna wa kuyadai upya.

Weka aloi mezani na umtafute jirani

Tufanye kwa mfano, nimeutunga mimi ili tuwe na kitu cha kushika. Tuseme umeyeyusha dupleksi ya bei nafuu, yaani stenlesi ambayo ndani yake nusu ni austenaiti na nusu ni feraiti (muundo wa pili, unaoshika sumaku), yenye kromi 21%, manganizi 5%, nikeli 2.5%, molibdeni 1.2%, naitrojeni 0.22%, kaboni 0.02%, salio chuma.

Kazi ya kwanza ni kumtafuta jirani wa karibu, na usimtafute kwa jina la biashara. Ingia Espacenet au Google Patents, hifadhi za hataza za mtandaoni, utumie namba za mafungu ambazo hataza hupangwa kwazo. Aloi za chuma ziko C22C 38, zenye kromi na nikeli ni C22C 38/40, zenye molibdeni au tangsteni ndani yake 38/44, zenye manganizi zaidi ya 1.5% ni 38/58. Kupasha moto na kupoza kuko C21D. Weka fungu, halafu ndani yake tafuta dupleksi, naitrojeni, na kadhalika, na usiache hataza za Japani na Korea hata kama unasoma tafsiri ya mashine, kuna kazi nyingi sana ya stenlesi huko. Ukifungua hataza usisome madai peke yake, yaani ile sehemu inayotaja kinacholindwa. Nenda kwenye jedwali la mifano, zile safu za namba za aloi zilizoyeyushwa kweli kweli, usome mpaka zile zilizowekwa kama mifano ya kulinganisha, zile "mbaya". Aloi yako inaweza kuwa imelala hapo kwenye safu ya mbaya na mwenyewe wala hakuijali, lakini imechapishwa na imehesabika.

Kwa mfano wetu majirani wawili wanatokea haraka. Mmoja ni daraja la stenlesi linaloitwa S32101, kromi 21 hadi 22, nikeli 1.35 hadi 1.7, manganizi 4 hadi 6, molibdeni 0.1 hadi 0.8, naitrojeni 0.20 hadi 0.25. Mwingine ni S32003, kromi 19.5 hadi 22.5, nikeli 3 hadi 4, molibdeni 1.5 hadi 2, naitrojeni 0.14 hadi 0.20, manganizi isiyozidi 2. Ukiweka yako katikati yao unaona nikeli yako 2.5 imekaa kwenye pengo kati ya 1.7 na 3, molibdeni yako 1.2 kwenye pengo kati ya 0.8 na 1.5. Unafurahi, huingii ndani ya yeyote.

Usifurahi bado. Fanya hesabu ambayo mkaguzi ataifanya, ile fomula ya PREN ya kukisia ukinzani dhidi ya kutu ya vitundu: kromi, jumlisha 3.3 mara molibdeni, jumlisha 16 mara naitrojeni. Yako ni 21 na 3.96 na 3.52, yaani kama 28.5. S32101 ukichukua kromi 21.5, molibdeni 0.3 na naitrojeni 0.22 unapata 26. S32003 ukichukua 21, 1.7 na 0.17 unapata 29.3. Yako iko katikati ya majirani wawili waliojulikana, na fomula imeshatabiri. Ukipeleka data inayosema ukinzani wa vitundu wa aloi yangu uko katikati ya hizi mbili, umemwandikia mkaguzi barua yake ya kukataa.

Hapo ndipo nataka usimame kidogo kwenye kesi ya Titanium Metals na Banner, ya mwaka 1985, maana siku zote naona ndiyo inayomfundisha mtu wa aloi kuliko kesi nyingine yoyote. Aloi ilikuwa ya titani, si stenlesi, lakini kanuni ni ile ile. Wavumbuzi walitaka hataza ya titani yenye nikeli na molibdeni kidogo, na walichogundua ni kizuri, hailiki kirahisi ndani ya maji ya chumvi ya moto. Dai lao moja lilikuwa la molibdeni 0.3% na nikeli 0.8%. Dhidi yao kulikuwa na makala ya Kirusi ya mwaka 1970 ambayo sehemu kubwa ni grafu, haikusema neno lolote kuhusu kutu. Ila ukisoma zile nukta za kwenye grafu na ukapiga hesabu, unapata aloi yenye molibdeni 0.25 na nikeli 0.75, na nyingine yenye 0.31 na 0.94.

Madai yao mapana, ya renji (kutoka kiwango fulani hadi kingine), yaliangukia moja kwa moja juu ya nukta ya grafu, hayo yakafa kwa kukosa upya tu, na hoja kwamba Warusi hawakujua habari ya kutu haikusaidia, kwa sababu sifa uliyoigundua ndani ya kitu cha zamani haikifanyi kitu hicho kuwa kipya. Dai la 0.3 na 0.8 lenyewe halikugusa nukta yoyote. Likafa kwa udhahiri. Mahakama ilisema aloi hizo ziko karibu kiasi kwamba fundi angetarajia ziwe na sifa zile zile, na hakuna ushahidi ulioletwa kuonyesha vinginevyo. Tofauti ya molibdeni ilikuwa 0.05. Kwa hiyo pengo la mfano wetu kati ya S32101 na S32003 halitulindi lenyewe kama ukuta.

Renji zikiingiliana mzigo unahamia kwako

Na mara nyingi hata pengo hutakuwa nalo, maana wenye hataza za aloi wanaandika renji pana. Ukikuta hataza moja ya zamani inasema nikeli 1 hadi 5, molibdeni 0 hadi 3, manganizi 1 hadi 8, yako yote imo ndani ingawa hakuna mfano hata mmoja unaofanana nayo. Renji zikiingiliana, hata kwa kugusana kidogo, mkaguzi anakuwa na kesi ya awali ya udhahiri, na kuanzia hapo kazi ya kuibomoa ni yako.

Kesi yake ni ya Peterson, 2003, mahakama ya rufaa inayosikiliza hataza za Marekani nzima, Federal Circuit. Aloi ya nikeli ya injini za turbini, dai likitaka reni karibu 1 hadi 3% na kromi karibu 14%. Hataza iliyotangulia ilisema reni 0 hadi 7%, kromi 3 hadi 18%. Waombaji walileta data kwamba reni ya 2% inaongeza nguvu. Mahakama ikawaambia mambo mawili. Moja, hataza ya zamani ilishasema reni inaongeza nguvu, sasa mshangao uko wapi. Pili, data yenu ni ya 2%, dai lenu ni 1 hadi 3, hamjaonyesha kwamba faida hiyo iko kwenye renji yote. Hilo la pili linaua watu hata wenye uvumbuzi wa kweli, kwa uchoyo tu wa renji.

Miaka miwili baadaye ikaja ya Harris, tena aloi ya nikeli ya injini. Huyo alileta ongezeko la maisha ya aloi chini ya mzigo wa joto la 32 hadi 43%. Ukiwa injinia unaona hiyo ni kubwa sana, na mimi naamini kiufundi ni kubwa kweli. Mahakama ikasema ni tofauti ya kiasi, siyo tofauti ya aina, na pia sampuli yake moja haikuwakilisha renji pana alizodai. Nikisoma ile hukumu nashika jambo moja la kufanyia kazi: ongezeko zuri kwenye sifa ile ile ambayo kila mtu anaiboresha ni hoja dhaifu, hata likiwa kubwa, kama huwezi kuonyesha kwamba fani ilitarajia kitu kingine.

Njia za kutoka

Ya kwanza na yenye nguvu ni matokeo yasiyotarajiwa, na hii inajengwa maabara, haijengwi na wakili. Turudi kwenye dupleksi yetu. Tatizo linalojulikana la dupleksi zenye nikeli kidogo ni sehemu ya pembeni ya weldi. Ukichomelea, chuma cha pembeni kinapanda joto sana kisha kinapoa haraka, feraiti inazidi, naitrojeni inakosa pa kwenda inajibana kama naitraidi za kromi, na hapo ndipo vitundu vinaanza. Sasa tuseme wewe umeona kwamba ukiweka manganizi kati ya 4.6 na 5.3 na naitrojeni kati ya 0.20 na 0.24, hiyo sehemu ya pembeni ya weldi haipotezi chochote, inastahimili sawa na bamba lenyewe. Hilo fomula ya PREN haiwezi kulitabiri, kwa sababu PREN inasoma kemia tu, haijui weldi.

Hapo ndo una kitu. Ila kipime hivi. Yeyusha aloi yako siyo moja, yeyusha angalau ya ukingo wa chini, ya katikati na ya ukingo wa juu ya renji unayotaka kudai, kisha yeyusha za nje tu ya kingo hizo, manganizi 4.2 na 5.7 kwa mfano, kila kitu kingine kikiwa sawa. Yeyusha na jirani wa karibu, yaani S32101 na S32003 zenyewe, kwenye tanuru lile lile, uzipitishe kwenye roli ziwe bamba na kuzipasha moto kwa ratiba ile ile, uzichomelee kwa joto lile lile. Kata vipande vya milimita 25 kwa 50, lainisha kingo zote kwa msasa mmoja, maana ukingo wenye mikwaruzo unaanza kutoboka kabla ya uso na utadhani aloi ni mbaya kumbe ni kipande. Tumia kipimo ambacho fani inakikubali, ASTM G48 kwenye kloridi ya feri, njia ya E inayotafuta joto ambalo vitundu vinaanza, au G150 ya umeme. Rudia kila aloi mara kadhaa uandike mtawanyiko wa matokeo, siyo wastani peke yake, kwa sababu kama mtawanyiko ni digrii 5 na tofauti yako ni digrii 4 huna tofauti.

Ukimaliza chora grafu. Manganizi kwa mlalo, joto la vitundu kwenye weldi kwa wima. Kama mstari unapanda taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, umepata uboreshaji wa kawaida, mkaguzi atasema umetafuta kiwango kizuri kwa majaribio ya kawaida, na atakuwekea kesi ya Aller ya 1955, ile inayosema kutafuta kiwango bora ndani ya hali zilizojulikana siyo uvumbuzi. Kama mstari uko chini, unaruka juu unapoingia 4.6, unakaa juu, unaanguka ukipita 5.3, hiyo ndiyo wanayoiita renji yenye umuhimu wa pekee, na mchoro huo utafanya kazi kuliko kurasa kumi za maelezo. Data ya namna hii unaweza kuiweka ndani ya ombi tangu mwanzo, na ukiipata baadaye unaipeleka kama kiapo cha kanuni ya 132, yaani maelezo ya kiapo yanayoleta ushahidi kwa mkaguzi. Mimi ningeiweka tangu mwanzo.

Njia ya pili ni kuonyesha kwamba waliotangulia walifundisha kinyume. Kama Hadfield wa 1892 angekuwa ndiye maandiko pekee, hiyo ndiyo hoja yake. Mfano mkubwa wa mahakamani ni betri ya Adams, kesi ya 1966, mwezi ule ule wa Graham. Alichukua magnesi na kloridi ya shaba na maji, vitu vilivyojulikana, akapata betri ambayo wataalamu walisema haitafanya kazi, na maandiko yaliyotangulia yalimsukuma mtu aikimbie njia hiyo. Hataza ikasimama. Lakini tahadhari, kufundisha kinyume maana yake kukatisha tamaa waziwazi. Hataza inayosema tunapendelea molibdeni 2% haijafundisha kinyume cha 1.2%, imetaja inachokipenda tu.

Ya tatu haitumiki sana ila ikikufaa inafaa kweli. Mkaguzi anaweza kusema kurekebisha kiwango fulani ni kazi ya kawaida pale tu ambapo fani ilijua kiwango hicho kina athari kwenye matokeo unayoyazungumzia. Hiyo ni kesi ya Antonie, 1977, ya mtambo wa kusafisha maji taka. Kwa hiyo kama hakuna aliyewahi kusema uwiano wa manganizi kwa naitrojeni unahusika na pembeni ya weldi, litamke hilo na uonyeshe maandiko yalikuwa yanahangaika na kitu kingine, kama kasi ya kupoza au gesi ya kuchomelea.

Ushahidi wa soko upo, lakini kwa aloi mpya isiyouzwa bado usipoteze muda nao.

Kuandika madai

Dai renji uliyoipima, si uliyoiota. Kwenye mfano wetu dai la kwanza liwe manganizi 4.6 hadi 5.3 na naitrojeni 0.20 hadi 0.24, na chini yake uwe na madai membamba zaidi ya kurudi nyuma. Angalia na neno linalofungua orodha. Ukiandika aloi "yenye" hivi na hivi, umeacha mlango wazi, aloi yoyote ya zamani iliyo na vitu hivyo pamoja na vingine kumi inaweza kutumika dhidi yako. Ukiandika "iliyofanyizwa na hivi tu, salio likiwa chuma na uchafu usioepukika", umeufunga, jirani mwenye tangsteni 1% anatoka nje, ila na mshindani akiongeza kidogo cha kitu kingine anaweza kukukwepa. Kwa aloi mimi naegemea kufunga, halafu nataja kila nyongeza ninayoiruhusu kwa kiwango chake.

Kuna wanaojaribu kuokoa aloi kwa kudai sifa, kwa mfano aloi ya kemia hii yenye joto la vitundu zaidi ya digrii fulani. Kama kemia na namna ya kuitengeneza ni zile zile za zamani, mkaguzi atasema sifa hiyo ilikuwemo siku zote, na kuanzia kesi ya Best ya 1977 ana haki ya kukutaka wewe uthibitishe haikuwemo. Sifa inasaidia pale tu inapotokana na kitu ulichobadilisha kweli, kwa mfano ratiba ya joto, na hapo pengine dai bora ni la njia ya kutengeneza. Na kama umegundua matumizi mapya ya aloi ya zamani, dai njia ya kuitumia, usidai aloi.

Ulaya wanafika karibu na hapo hapo kwa barabara nyingine. Wanachukua jirani wa karibu, wanauliza tofauti inaleta faida gani ya kiufundi, kisha kama fundi mwenye tatizo hilo angeelekea kwenye suluhisho lako. Faida lazima ionekane kwenye renji yote, kwa hiyo ile grafu ya kingo inakufaa kote. Sheria ya Kenya ya 2001 na ya Tanzania ya 1987 nazo zinadai hatua ya uvumbuzi isiyo dhahiri kwa mwenye ujuzi wa fani, ukienda KIPI (ofisi ya hataza ya Kenya), BRELA (ya Tanzania) au kupitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, utakutana na swali hili hili.

La mwisho ni kabla hujatuma sampuli kwa mteja. Marekani wanakupa mwaka mmoja tangu utangaze au uuze, Ulaya hawakupi hata siku, ukishatangaza umejitengenezea mwenyewe kitu kilichotangulia. Na kuuza kunahesabika hata kama mkataba ni wa siri, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo 2019 kwenye kesi ya Helsinn. Kwa hiyo bamba la kwanza lisitoke na ankara wala bei. Peleka ombi kwanza, hata la muda, likiwa na jedwali lote la vipimo pamoja na zile aloi za nje ya kingo zilizoshindwa, maana hizo zilizoshindwa ndo zinazothibitisha kwamba zilizofaulu hazikuwa za kubahatisha.